Kasuku Wawili, Shikamoo Hakuna

Kasuku wangu hajawahi kumwamkia mtu. Kazi yake ni kuitikia. Mtu akipita barabarani hapa Handeni akasema, "Shikamoo mwalimu," kabla sijafungua kinywa yeye ameshajibu "Marahaba!" kwa sauti yangu, tena sauti yangu ya zamani, ya wakati nilipokuwa na meno yote. Watu wamezoea. Wapo wanaopita nikiwa sokoni, wanaamkia dirisha, wanaitikiwa, wanaendelea na safari zao wakiamini wamenikuta nyumbani.

Nilimpata kutoka kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa karibu na stendi. Walipohamia Dar es Salaam hawakuwa na pa kumweka, nami nilikuwa nimestaafu ualimu mwezi huohuo, watoto wameshaondoka, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikijisemea jikoni. Alikuja na maneno matatu ya Kigujarati. Nilimwita jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alitoka hukohuko Uhindini, aje aniambie yana maana gani. Alisikiliza, akacheka mpaka akafuta macho, akasema, "Mwalimu, hayo mwachie mwenyewe tu." Mpaka leo sijui huwa natukanwa nini kila nikichelewesha karanga.

Mengine ameyapata kwangu. "Kaa chini!" "Nani anapiga kelele?" "Nyoosha kidole!" Hayo sikumfundisha. Inaonekana huwa nayasema hata nikiwa peke yangu na masufuria. Lakini "marahaba" nilimfundisha kwa makusudi, kwa karanga za kukaanga, wiki sita mfululizo, nimekaa mbele ya tundu kama niko darasa la kwanza. Nilikuwa na mtu mmoja tu akilini mwangu, na mtu huyo ni mdogo wangu wa Korogwe.

Hapo nimeshaanza ugomvi. Yeye angeulizwa, angesema mimi ndiye mdogo wake.

Baba yetu alikuwa mkulima wa Misima mwenye wake wawili, nyumba zimetazamana, uwanja mmoja katikati. Mama yangu na mama yake walishika mimba msimu mmoja na kujifungua msimu mmoja, na hakuna aliyeandika tarehe. Kilichobaki ni kumbukumbu za watu. Mimi nilizaliwa siku chui alipomchukua mbuzi wa imamu. Yeye alizaliwa siku upepo ulipong'oa bati la msikiti. Mambo haya mawili kila mtu mzima pale Misima aliyakumbuka vizuri kabisa. Lililowashinda ni kusema lipi lilitangulia.

Wenye kumuunga mkono mdogo wangu walisema bati lilitangulia, kwa sababu imamu alikuwa juu ya paa akigongelea bati lake ndiyo maana chui akapata nafasi ya kumchukua mbuzi bila bugudha. Wenye kuniunga mkono mimi walisema chui alitangulia, kwa sababu bati liling'oka pale ambapo nguzo ya pembeni ilikuwa imeondolewa ikatengenezewe mtego wa chui. Ukizisikiliza hoja hizi mbili, zote ni nzito. Nilipokuwa mwalimu kijana nilinunua daftari nikazunguka kijiji kizima kukusanya ushahidi. Nusu walisema chui, nusu walisema bati, na bibi mmoja alisema chui walikuwa wawili. Daftari bado ninalo.

Mtu anaweza kuuliza siku chache zina nini. Zina shikamoo. Mdogo ndiye anayeamkia, mkubwa anaitikia, na jambo hilo halina nusu kwa nusu. Tangu tulipopata akili, kila mmoja wetu alisubiri mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza. Tulipokuwa wasichana tulisimama siku moja kisimani tukitazamana mpaka ndoo ya mtu wa tatu ikajaa, ikatwishwa, na mwenyewe akaenda zake akitikisa kichwa. Baadaye tulijificha nyuma ya "Asalaam aleikum," ambayo Mungu kwa rehema zake ameiweka wazi kwa watu wa umri wote. Zilipokuja simu za mkononi tulipata afueni zaidi, kwani yeye huwa anaanza katikati ya maneno. Napokea, nasikia, "Halafu ule unga wa muhogo uliufikisha?" Hakuna salamu, hakuna ugomvi.

Nisieleweke vibaya. Tunapendana. Nilipofiwa na mume wangu yeye ndiye aliyelala kwenye mkeka pembeni yangu siku arobaini. Alipofiwa yeye, mimi ndiye niliyelala kwenye mkeka wake. Tumezika wazazi pamoja, tumeoza watoto pamoja, na siku zote hizo tumeitana "mdogo wangu" kwa heshima na kwa kung'ata meno.

Aliposikia kasuku wangu anaitikia marahaba, hakunipigia simu mwezi mzima. Kisha akatafuta wake. Alimpata kwa dereva wa lori aliyekuwa amemchoka, kwa sababu ndege mwenyewe alikuwa akiiga honi. Nilipokwenda Korogwe kumtembelea, nilisimama mlangoni nikapiga hodi kama binadamu mwenye adabu zake, na kutoka ndani nikasikia, kwa sauti ya mdogo wangu, "Marahaba!" Mimi nilikuwa sijamwamkia mtu! Nilikaribia kugeuza na kikapu changu. Kilichoniingiza ndani ni harufu ya samaki wa nazi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miaka, ndege wawili katika miji miwili, kila mmoja akiitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinaishia, simu iliita. "Halafu huyu ndege nitamwachia nani?" akauliza.

Ndivyo nilivyojua kwamba anahama. Mwanawe yuko Mbeya, amejenga, na mkewe amejifungua mapacha, kwa hiyo bibi anatakiwa akalee. Mbeya ni baridi, ndege atakufa. Watu wa Korogwe aliowaza kuwapa wote wana paka. "Mchukue wewe," akasema. "Unaye mmoja, wa pili hatakushinda."

"Na hao mapacha," nikauliza, "mkubwa ni nani?"

"Nesi ameandika mpaka dakika," akajibu, na wote wawili tukawaonea watoto wale wivu.

Nilimwambia nitafikiria. Nilipokata simu nilikaa jikoni muda mrefu. Mbeya si Korogwe. Korogwe naenda asubuhi narudi jioni, na nikitaka kununa naye naweza kununa naye uso kwa uso. Nilihuzunika, na kwa kuwa kuhuzunika sikukuzoea, nikakasirika. Nilimkasirikia mwanawe, nikaikasirikia Mbeya, nikamaliza kwa kumkasirikia ndege.

Nilikwenda kuomba ushauri kwa jirani yangu wa vifaa vya ujenzi. Nilimkuta amekaa juu ya mifuko ya saruji anakunywa chai ya tangawizi.

"Mwalimu, usifanye," alisema kabla sijamaliza. "Baba yangu alikuwa na kasuku mmoja pale Korogwe. Anaita wateja kwa majina, anaimba, anakohoa kama babu. Tukamhurumia yuko peke yake, tukaleta wa pili. Basi! Wakaanza mazungumzo yao wenyewe. Hakutuambia neno tena mpaka anakufa. Wakiwa wawili hawana haja na mtu."

"Kwa hiyo nitakosa hata huyu niliye naye?"

"Utabaki unawasikiliza kama mgeni mlangoni."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Ama nitapata kelele mara mbili, ama nitapata kimya mara mbili. Nilimtazama ndege wangu. Naye alinitazama, akaniambia nikae chini, nikakaa. Nitasema ukweli hapa: mtu anayeitikia salamu zangu, anayenigombeza kwa sauti yangu na kunitukana kwa lugha ya watu ndiye niliyekuwa naongea naye kila siku. Kumpoteza kwa sababu ya ndege wa lori kuliniogopesha. Lakini kumkatalia mdogo wangu jambo lake la mwisho kabla hajahama, hilo nalo sikuweza kulimeza.

Nikaenda Korogwe kumkagua huyo ndege. Tulisalimiana kwa salaam kama kawaida yetu, tukanywa chai, tukala mihogo, na ndipo ndege akaletwa mezani kama anayechumbiwa. Alikuwa mnene, na macho yake yalikuwa na dharau.

"Nina sharti moja," nikasema. "Kabla hajaingia kwangu, afundishwe shikamoo. Nyumba ile ina mkubwa wake."

Mdogo wangu akaweka kikombe chini. "Ndege wangu ni mkubwa kuliko wako."

"Ana cheti?"

"Mtazame kucha!"

Tulizitazama kucha kwa muda. Mimi nikadai wangu ana busara zaidi, anajua lugha mbili. Yeye akadai wake amesafiri, ameiona Tunduma. Tulibishana mpaka chai ikapoa, wanawake wawili wenye wajukuu, tukigombania umri wa viumbe waliotagwa mwituni. Mwisho tukakubaliana ndege aje kwa majaribio ya wiki mbili. Akinishinda, nitasema, naye atatafuta mtu mwingine kabla hajasafiri.

Alinisindikiza mpaka stendi. Nilipokuwa nimeshapanda, tundu mapajani, alinisogelea dirishani akafungua kinywa. Akakohoa. Nikangoja. "Haya, nenda," akasema, akajifunga kanga upya, akaondoka haraka.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami ndivyo nilivyomwona yule ndege. Siku mbili za kwanza hakusema kitu. Alikaa kwenye kona ya tundu lake, amempa wangu mgongo, na wangu akampa mgongo yeye. Siku ya tatu alipita kijana wa maji akasema, "Shikamoo mwalimu," na vita vikaanza. Wangu akasema "Marahaba!" Wake akasema "Marahaba!" Wangu akarudia kwa nguvu zaidi, na wake akarudia kwa kiburi. Yule muuza maji alisimama na toroli lake akitazama dirisha, nadhani akijiuliza ameamkia watu wangapi. Waliendelea mpaka adhuhuri, sauti yangu na sauti ya mdogo wangu, marahaba, marahaba, kila mmoja akikataa kuwa mdogo. Nilijifunika mto kichwani. Nilikuwa nausikia ujinga wetu wa maisha yote bila kukosa hata neno.

Wiki ya pili mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu waliacha kugombana. Nilianza kuwakuta wamesogea ukingoni, kila mmoja kwenye tundu lake, wamebanana kwenye waya. Wakawa wananong'ona kitu cha kwao, chini chini, ambacho si Kiswahili, si Kizigua, wala si Kigujarati. Mtu akipita na shikamoo yake alijibiwa mara moja kati ya tatu. Nilimwambia wangu, "Nani anapiga kelele?" ili anijibu, lakini alinitazama tu akarudi kwenye mazungumzo yake. Jirani yangu alikuwa amesema kweli.

Jioni ya kuamkia safari ya mdogo wangu nikampigia simu nikamwambia wazi. Ndege ameniharibia ndege wangu, simtaki, atume mtu aje amchukue.

Nilitegemea ugomvi, nilikuwa hata nimejiandaa kwa ugomvi. "Haya," akasema kwa sauti ndogo, na simu ikakatika. Nililala vibaya.

Alfajiri nimemaliza kusali, kanga bado zimefunika matundu, nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Ting, ting, ting. Nikageuka, maana ndani ya nyumba hapakuwa na mtu mwingine. Kisha nikasikia kikohozi cha mdogo wangu, kilekile cha stendi. Kisha sauti yake, taratibu, kama mtu anayejaribu nguo mbele ya kioo:

"Shikamoo dada."

Kimya kidogo.

"Aa. Kesho."

Nilikaa pale kwenye msala nimetega sikio. Kijiko kikagonga tena. Kikohozi. "Shikamoo dada." Kimya. "Aa. Kesho."

Ndege hasemi jambo la aina hiyo kwa kulisikia mara moja. Mimi mwenyewe nilitumia wiki sita na karanga zisizo na idadi kumtia mmoja neno moja. Huyu alikuwa amelisikia asubuhi baada ya asubuhi, pamoja na kijiko chake na kikohozi chake, katika nyumba ambayo mdogo wangu alidhani yuko peke yake anakoroga chai. Alikuwa akifanya mazoezi. Kila siku alijaribu, ikamshinda, akaahirisha, na kwangu akaja na salaam na unga wa muhogo. Mwizi yule mwenye manyoya alikuwa ameificha siri hiyo mpaka alipoizoea nyumba yangu. Nililia, na nikakasirika kwamba ninalia.

Nikampigia. Simu haipatikani. Basi la Mbeya lilikuwa linaondoka Korogwe asubuhi ile, na kabla ya kufika Chalinze lazima lingepita Mkata.

Kwa miaka yote nilijiapiza kwamba sitaanza mimi. Sasa nikaona bora nianze kuliko mtu yule aende Mbeya na "kesho" yake mdomoni. Kama chui alitangulia au bati lilitangulia, basi. Mkubwa ni jalala, husemwa hivyo, na kama kukubali udogo ndiyo njia ya kubeba takataka hizi, nilikuwa tayari hata kwa hilo.

Mwendesha bodaboda wa mtaani kwetu ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana mvi na binti chuoni, lakini bado ananiogopa. Nilimwambia, "Mkata, sasa hivi." Nilibeba tundu la ndege wa mdogo wangu kama ushahidi, maana namjua, angekana. Wangu alipoona mwenzake anatolewa nje alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, akauma waya, akanitolea maneno yote matatu ya Kigujarati kwa mpigo. Nikambeba na yeye. Tundu moja likafungwa nyuma kwa mpira, lingine nikalipakata katikati yangu na mgongo wa dereva.

Sitaki kuisimulia safari ile yote. Nitasema tu kwamba kila tulipopita watu wanaonifahamu wakapaza shikamoo, matundu mawili yaliitikia mbele na nyuma. Na kila ndege wangu alipopiga kelele, "Kaa chini!" dereva alipunguza mwendo kwa mazoea ya darasa la tatu, nami ikabidi nimpigie kelele aongeze, na ndege akasikia akauliza nani anapiga kelele. Tulifika Mkata kanga imejaa vumbi na kofia ngumu imenigeukia machoni.

Basi lilikuwa limesimama. Wauzaji wa mahindi ya kuchoma na machungwa walikuwa wameinua bidhaa zao madirishani. Nilipita katikati yao nimebeba matundu mawili, na mama mmoja akaniuliza kasuku ni wa kuuza au vipi. Nilimkuta mdogo wangu dirisha la nne, anatafuna hindi, anatazama mbele kwa huzuni.

"Shikamoo dada," nikasema.

Hindi likasimama njiani. Alinitazama kama aliyeona jini.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Itikia."

"Unaumwa?"

"Nimesema itikia, basi linaondoka!"

Abiria wa viti vya jirani walikuwa wameshageuka. Alinitazama, akatazama matundu, akamtazama ndege wake, na nikaona uso wake unabadilika.

"Amesema?" akauliza polepole.

"Amesema. Mpaka kijiko."

Alishusha hindi mapajani. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akasema neno nililozungukia kijiji kizima na daftari nikilitafuta.

"Siwezi kuitikia. Chui alitangulia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema tena, kwa sauti, abiria wote wakasikia. "Chui alitangulia! Mama aliniambia kabla hajafariki. Chui alikuja Ijumaa, na bati liling'oka Jumapili ya wiki iliyofuata. Alikumbuka kwa sababu alikuja kumwona mama yako uzazini akiwa na tumbo lake bado. Umenizidi siku tisa."

"Mama yako alifariki miaka kumi na tisa iliyopita!"

"Najua."

"Umekaa na jambo hili miaka kumi na tisa, na bado ukamfundisha ndege marahaba?"

"Wewe ndiye uliyeanza!"

Kondakta akapiga bodi la basi kwa kiganja, injini ikaunguruma, wauzaji wakaanza kurudi nyuma. Mdogo wangu akatoa kichwa dirishani. Akakohoa. Safari hii hakusema kesho.

"Shikamoo dada."

Jibu la salamu hiyo nilikuwa nimeliandaa maisha yangu yote. Nilikuwa nalo nikiwa na miaka saba pale kisimani, nilikuwa nalo kwenye harusi na kwenye matanga, nimelifanyia mazoezi mbele ya ndege kwa wiki sita. Nikafungua kinywa. Yakatoka machozi, neno halikutoka.

"Marahaba!" akasema kasuku wangu kutoka kwenye tundu, kwa sauti yangu ya meno yote.

"Marahaba!" akadakia na wake, maana hajui kukaa nyuma.

Basi zima likaangua kicheko. Mdogo wangu akacheka huku analia, mimi nikalia huku nacheka, na dereva wangu wa bodaboda, mzee mzima mwenye mvi, akawa anajifuta macho kwa glovu.

Basi likaanza kusogea. "Sasa huyo ndege," akapaza sauti, "unamchukua au humchukui?"

"Nimeshamchukua!"

"Karanga zisiwe na chumvi!"

Nilisimama pale mpaka basi lilipopotea machoni, nimebeba matundu mawili yaliyokuwa mazito kuliko nilivyodhani. Sikuwa tena na ugomvi na mtu, na kwa kweli nilijiona mpweke kidogo bila ugomvi huo.

Nyumba yangu sasa ina kasuku wawili ndani ya tundu moja kubwa alilonitengenezea jirani yangu kwa nondo zilizobaki dukani. Bado ananiambia alinionya, na ni kweli, mchana kutwa wanaongea mambo yao na mimi simo. Nimezoea. Nakaa nao nachambua mchele, nikiwakatiza wananiambia nikae chini.

Lakini kila alfajiri, kabla sijaondoa kanga, kijiko kinagonga kikombe, kikohozi kinafuata, na ndege wa pili anasema, "Shikamoo dada." Mwanzoni alikuwa anamalizia na ile kesho yake. Mimi nikawa naitikia upesi kabla hajaifikia, naye taratibu akaiacha.

Baadaye kidogo, chai ikiwa jikoni, simu inaita kutoka Mbeya. Haanzi tena katikati ya maneno. Nasikia mapacha wanalia nyuma yake, nasikia anakohoa, kisha anasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu," namwambia. "Umechelewa. Mwenzako ameshaniamkia."